Zamu mbili zilizopotea Lodz: Funzo la sataranji kwa vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Na MWANDISHI WETU

KIJANA anayecheza sataranji upande wa bara wa Mombasa, awe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, huingia mashindanoni akiwa na upungufu mmoja mkubwa. Si upungufu wa akili wala wa ari. Ni upungufu wa mtu wa kumweleza kwa nini alishindwa.

Mashindano mengi makubwa ya mchezo huu nchini huandaliwa Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 480. Nauli, malazi na ada ya kushiriki ni mzigo kwa mzazi yeyote. Inasikitisha basi mchezaji anapofunga safari hiyo yote, akakaa mbele ya mpinzani wake, kisha mchezo wake ukaharibika kabla ya kufika mwendo wa 15.

Sababu ya kuharibika huko mara nyingi ni moja. Vijana wengi hukariri ufunguzi, yaani miendo ya mwanzo, kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Maadamu mpinzani anafuata yaliyokaririwa, mambo ni shwari. Akitoka nje ya njia hiyo kwa mwendo mmoja tu, aliyekariri hubaki ameduwaa.

Dawa ya ugonjwa huu ipo na haihitaji pesa nyingi. Ni kuchukua mchezo mmoja wa zamani uliochezwa mashindanoni, ukauchambua mwendo kwa mwendo hadi ukajua kila kete ilikwenda wapi na kwa nini. Ubao wa sataranji, daftari na kalamu vinatosha.

Katika makala haya tutautazama mchezo mmoja kama huo. Ulichezwa Desemba 1907 katika mji wa Lodz, nchini Poland, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Urusi. Waliokutana ni Georg Rotlewi, aliyecheza na kete nyeupe, na Akiba Rubinstein, aliyecheza na nyeusi.

Kabla ya kuingia uwanjani

Msomaji asidhani kwamba kuchambua michezo ya kale ni desturi ya Wazungu pekee. Jina lenyewe, sataranji, limetufikia kupitia Waarabu na Waajemi, nao waliupokea mchezo huu kutoka Bara Hindi. Katika karne ya 9 na ya 10 mafundi wa Baghdad kama vile al-Adli na as-Suli walikuwa tayari wameandika vitabu vinavyoeleza namna ya kuzipanga kete mwanzoni mwa mchezo. Kusoma ufunguzi ni elimu iliyotangulia meli za Wareno kufika pwani yetu kwa miaka mingi.

Hata bao la Kiswahili lina elimu ya aina hiyo. Lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Fundi wa bao hujua kwamba kete za mwanzo za namua ndizo zinazoamua iwapo nyumba yake itasalimika. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha kitabu juu ya umahiri wao mwaka 1995, alishughulika na swali hilo hilo: fundi anaona nini ambacho mwanafunzi hakioni?

Tofauti ni kwamba elimu ya bao imehifadhiwa zaidi vichwani mwa wazee barazani, ilhali ya sataranji imeandikwa. Kijana wa Mtongwe, Bombolulu au Chaani anaweza leo kuufungua mchezo wa 1907 na kuufuata kana kwamba anasimama nyuma ya kiti cha mchezaji.

Tuafikiane kwanza juu ya majina. Tutatumia mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Ubao una miraba 64. Safu zinazokwenda mbele zinaitwa a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe, na mistari ya kukingama inahesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Kwa hiyo "farasi f3" maana yake ni kwamba farasi amekwenda safu ya f, mstari wa 3. Tukitaja mraba peke yake, kama "d4", aliyesogea ni askari.

Wachezaji wawili wa Lodz

Lodz ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Rubinstein hakuzaliwa hapo. Alitoka Stawiski, mji mdogo, na alijifunza sataranji akiwa tayari kijana, wakati ambapo mabingwa wengi huwa wameshaucheza tangu utotoni. Jambo hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba amechelewa kuanza.

Rotlewi, aliyezaliwa 1889, alikuwa bado na umri wa miaka 18 tu. Hakuwa mchezaji dhaifu hata kidogo. Mashindano waliyokutana yalikuwa ya mabingwa wa Urusi, na Rubinstein ndiye aliyeibuka mshindi wake.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1912, Rubinstein alishinda mashindano makubwa matano kwa mfululizo wa mwaka mmoja. Mipango ilikuwa imefanywa apambane na Emanuel Lasker kuwania ubingwa wa dunia, lakini vita vya dunia vilivyozuka mwaka 1914 viliizima. Hakupata tena nafasi hiyo. Alifariki 1961 nchini Ubelgiji bila kuvaa taji, ila michezo yake inasomwa hadi leo.

Ufunguzi: vita vya kungojeana

Miendo mitano ya kwanza ilikuwa hivi. Kwanza, d4 naye Rubinstein akajibu d5. Pili, farasi f3, jibu e6. Tatu, e3, jibu c5. Nne, c4, jibu farasi c6. Tano, farasi c3, jibu farasi f6.

Mpangilio huu ni wa jamii ya Gambiti ya Malkia, na jibu la kusukuma askari c5 mapema lilitetewa sana na Mjerumani Siegbert Tarrasch, ambaye ufunguzi huo umepewa jina lake. Ukiuweka ubaoni utaona kwamba pande zote mbili zimefanana kabisa, kama mtu na kivuli chake kiooni. Tofauti ni moja: sasa ni zamu ya Rotlewi.

Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kusimama na kuuliza: je, kila upande unataka nini?

Kila mmoja ana askofu ambaye bado hajatoka, na kila mmoja ana askari anayeweza kuliwa na mwenzake. Rotlewi anaweza kula c5, na Rubinstein anaweza kula c4. Sasa fikiria. Rotlewi akila c5 wakati askofu wa Rubinstein bado yuko nyumbani f8, askofu huyo atatoka na kula papo hapo kwa mwendo mmoja. Lakini akingoja hadi askofu huyo asogee kwanza, kisha ndipo ale c5, askofu atalazimika kusogea mara ya pili ili kulipiza. Mwendo mmoja utakuwa umepotea.

Hali ni ile ile kwa upande wa pili. Kwa hiyo hivi ni vita vya kungojeana. Wa kwanza kukosa subira ndiye anayelipa.

Rotlewi hakungoja. Katika mwendo wa 6 alikula c5, naye Rubinstein akatoka na askofu wake na kula. Kisha ikawa: 7, a3, jibu a6. 8, b4, jibu askofu d6. 9, askofu b2, naye Rubinstein akamhifadhi mfalme wake upande wa ngome ya karibu.

Mahali pa kwanza pa kutia alama

Katika mwendo wa 10 Rotlewi alimpeleka malkia d2. Ni mwendo unaoonekana wa kawaida, na katika mashindano ya vijana hautamshtua mtu. Lakini malkia pale amesimama kwenye safu ya d, safu ambayo karibuni itafunguka, na ngome ya Rubinstein itamwelekea moja kwa moja. Njia ya salama zaidi ilikuwa kubadilishana askari pale d5 na kumweka askofu e2 kwa mwendo mmoja tu.

Rubinstein alijibu malkia e7, akionekana kana kwamba anamwachia Rotlewi askari wa d5 bure. Weka ubao ujaribu. Nyeupe inakula d5, nyeusi inalipiza, farasi mweupe anakula, farasi anauawa, malkia mweupe anakula. Ndiyo, askari mmoja amepatikana. Lakini sasa tazama: malkia mweupe yuko peke yake katikati ya ubao, mfalme wake bado yuko e1, na kete za Rubinstein zinatoka moja baada ya nyingine kwa kumkimbiza malkia huyo. Rotlewi aliona hatari hiyo, akakataa.

Badala yake, mwendo wa 11, alimtoa askofu d3. Hapo Rubinstein, aliyekuwa akingoja kwa subira, akala c4. Askofu akalazimika kula c4. Mwendo wa 12, b5, askofu akafukuzwa. Mwendo wa 13, askofu akarudi d3, palepale alipotoka, naye Rubinstein akaleta ngome yake d8. Sasa malkia wa d2 yuko mashakani, kwa hiyo mwendo wa 14 akahamia e2. Rubinstein akamweka askofu wake wa pili b7. Mwendo wa 15 Rotlewi akamhifadhi mfalme wake.

Hesabu ya zamu

Simamisha mchezo hapa uhesabu. Hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulifanya.

Tazama kete moja moja. Askari weupe a3, b4 na e3; askari weusi a6, b5 na e6. Farasi weupe c3 na f3. Weusi c6 na f6. Maaskofu weupe b2 na d3. Weusi b7 na d6. Malkia mweupe e2, mweusi e7. Wafalme wote wamehifadhiwa. Pande mbili zinafanana tena, isipokuwa jambo moja: ngome ya Rubinstein imekwishafika d8, na ya Rotlewi bado haijakwenda d1.

Juu ya hayo, sasa ni zamu ya Rubinstein.

Rotlewi alianza mchezo akiwa na faida ya kutangulia. Baada ya miendo 15 faida hiyo imegeuka. Ametumia zamu 15 kufanya kazi ambayo mwenzake aliifanya kwa zamu 13, na zamu ya 14 Rubinstein ameitumia kuleta ngome. Zamu mbili zimekwenda wapi? Moja ilipotea kwa malkia aliyekwenda d2 kisha e2. Nyingine ilipotea kwa askofu: alisogea mara tatu, d3, c4 na tena d3, hali mwenzake wa upande wa pili alisogea mara mbili tu, c5 na d6.

Anayevuka kutoka Likoni kwenda kisiwani kila asubuhi anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Ukikosa feri moja hujafa, lakini ukikosa mbili utafika kazini na kumkuta mwenzako ameshapewa kazi yako. Katika sataranji hakuna kilicholiwa bure hadi sasa. Kila upande una kete sawa. Kinachotofautiana ni wakati.

Shambulio

Mwanafunzi anayesoma mchezo huu mara nyingi huruka moja kwa moja hadi mwisho wake wa kusisimua. Hilo ni kosa. Mwisho huo ni mavuno tu. Mbegu zilipandwa katika zile zamu mbili.

Mwendo wa 15 Rubinstein alimpeleka farasi e5. Ana makusudi mawili. Kwanza anamfungulia njia askofu wa b7, ambaye sasa anatazama mshazari mrefu hadi kwa mfalme mweupe. Pili anataka kumwondoa farasi wa f3, kwa kuwa huyo ndiye mlinzi wa mraba wa h2 ulio mlangoni pa mfalme.

Mwendo wa 16 Rotlewi akamla farasi huyo, naye askofu wa d6 akalipiza e5. Sasa tishio ni hili: askofu anakula h2 na kumtishia mfalme, mfalme akimla, malkia anakuja d6 akimtishia tena, kisha anamnyakua askofu wa d3, kwani ngome ya d8 iko nyuma yake. Rotlewi atakuwa amepoteza askari na kinga ya mfalme wake.

Kwa hiyo mwendo wa 17, f4, kumfukuza askofu, naye akarudi c7. Mwendo wa 18, e4, na Rubinstein akaleta ngome yake ya pili c8. Mwendo wa 19 Rotlewi akasukuma tena, e5, akimshambulia farasi wa f6.

Hapa tia alama ya pili katika daftari lako. Askari hawa wawili wanaonekana wakali, lakini askari harudi nyuma. Walipoondoka f2 na e3 waliacha wazi mshazari unaoelekea g1, karibu na mfalme. Na yule wa e4, alipopiga hatua moja zaidi, aliacha wazi mshazari mrefu wa askofu wa b7. Rotlewi alidhani anashambulia, kumbe alikuwa akimfungulia mwizi milango miwili.

Rubinstein alijibu askofu b6, akimtishia mfalme. Mwendo wa 20 mfalme akakimbilia h1, na farasi aliyeshambuliwa, badala ya kurudi, akaruka mbele hadi g4. Mwendo wa 21 Rotlewi akamweka askofu e4 kuziba mshazari mrefu. Malkia wa Rubinstein akaja h4, akitishia kula h2 na kumaliza mchezo. Mwendo wa 22 Rotlewi akasukuma g3, akimshambulia malkia huyo.

Kila mchezaji wa kawaida hapa angemwondoa malkia wake. Rubinstein alimwacha.

Malkia mwenye kazi mbili

Kabla ya kuutazama mwendo wa Rubinstein, funika maandishi haya kwa karatasi ujiulize: ni kete gani nyeupe iliyobebeshwa mzigo mzito kupita kiasi?

Jibu ni malkia wa e2. Ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Anaulinda mraba wa h2, na pia anamlinda askofu wa e4. Farasi wa c3 anamsaidia katika kazi ya pili. Sasa itakuwaje farasi huyo akiondolewa?

Rubinstein alikula farasi wa c3 kwa ngome yake, huku malkia wake akiwa angali anashambuliwa. Askofu wa b2 akiila ngome hiyo, askofu wa b7 anakula e4 na kumtishia mfalme. Malkia mweupe akimla, ameuacha mraba wa h2, na malkia mweusi anakula hapo. Mfalme hana pa kukimbilia.

Rotlewi, mwendo wa 23, akamla malkia. Rubinstein akaipeleka ngome yake ya pili d2, mbele ya malkia mweupe, ili iliwe. Ametoa malkia, na sasa anatoa ngome.

Jaribu kila jibu kwenye ubao wako. Askofu wa e4 akila b7, ngome inamla malkia wa e2 na kutishia h2. Askofu akirudi g2 kulinda, ngome nyingine inakuja h3, na askofu akiila, ngome ya e2 inakula h2 na mchezo umekwisha. Rotlewi alichagua kula ngome ya d2 kwa malkia. Askofu wa b7 akala e4 na kumtishia mfalme. Mwendo wa 25 malkia akarudi g2 kuziba. Ngome ya c3 ikaruka hadi h3.

Rotlewi akasalimu amri. Malkia wake akimla askofu wa e4, ngome inakula h2, mfalme amekwisha, kwa kuwa farasi wa g4 anailinda ngome hiyo na askofu wa b6 anaulinda mraba wa g1. Akileta ngome yake f3, askofu anaila, malkia akilipiza, ngome inakula h2 vile vile. Tazama ubao wa mwisho: nyeupe ina malkia na ngome mbili, nyeusi haina malkia. Lakini kete zote nne za Rubinstein zinaelekea kwa mfalme mmoja, na ngome ya Rotlewi ya a1 haijasogea tangu mchezo uanze.

Ngome hiyo ndiyo ushahidi wa zile zamu mbili.

Miaka 105 baadaye

Je, kuna manufaa gani kwa mchezaji wa leo, mwenye kompyuta na simu? Jibu lilitolewa Januari 2013 huko Wijk aan Zee, Uholanzi. Viswanathan Anand wa India, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alikutana na Levon Aronian wa Armenia. Anand, akiwa na nyeusi, aliwaelekeza maaskofu wake wawili katika mishazari miwili ya kumwelekea mfalme, akamrusha farasi g4, akatoa kete sadaka, na Aronian akasalimu amri baada ya miendo 23 tu. Wachambuzi waliutambua mara moja mfano wa Rubinstein, na Anand mwenyewe aliutaja mchezo ule wa 1907.

Ufunguzi wao haukuwa ule ule. Aliyekariri miendo ya Lodz asingepata la kumsaidia. Aliyeelewa sababu zake ndiye aliyejua la kufanya.

Hata karibu nasi mfano upo. Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, alifundishwa mchezo huu na Robert Katende katika mradi wa watoto wa mtaani humo. Baada ya Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul ya mwaka 2012 alipata cheo cha kimataifa cha mchezaji mwanamke. Katwe si mtaa wa matajiri. Kilichokuwapo ni ubao, mtu wa kueleza, na mtoto aliyekubali kurudia kosa lake hadi alielewe.

Namna ya kuanza

Kwa mwalimu wa shule au kiongozi wa klabu yoyote ya Mikindani, Kongowea au Likoni anayetaka kuanza, utaratibu ufuatao unafaa.

Kwanza, chagua mchezo mmoja kwa juma, si kumi. Upande ulioshinda uwe wako. Funika miendo kwa karatasi, na kabla ya kufunua kila mwendo, andika ule ambao wewe ungeucheza na sababu yake kwa sentensi moja. Asiyeweza kuandika sababu hana sababu.

Pili, baada ya mwendo wa 15 hesabu zamu za kila upande kama tulivyofanya hapa. Uliza ni kete ipi iliyosogea mara mbili au tatu bila faida, na ipi ambayo haijaamka.

Tatu, weka ubao katika mahali penye alama, kwa mfano kabla ya malkia kwenda d2, ucheze na mwenzako kuanzia hapo. Kisha badilishaneni pande. Mtajifunza kwa saa moja mambo ambayo kitabu kingeyaeleza kwa kurasa nyingi.

Nne, kompyuta iwe ya mwisho. Zipo tovuti za bure, mojawapo ikiwa Lichess, ambazo programu yake itakuonyesha kosa mara moja hata kwa simu. Lakini ukiiuliza kabla ya kufikiri, itakupa jibu na kukunyima elimu. Iulize baada ya kuandika maoni yako, halafu linganisha.

Tano, na hili ndilo la lazima, andika miendo ya michezo yako mwenyewe, hasa uliyoshindwa. Iweke kando ya mchezo wa Rotlewi. Utashangaa ni mara ngapi utaiona ile ngome ya a1 ikiwa imelala, na yule askofu aliyekwenda, akarudi, akaenda tena.

Kijana atakayefanya hivi kwa miezi michache hatahitaji kuogopa mpinzani anapotoka nje ya ufunguzi aliouzoea. Atakapofika Nairobi na kuona mwendo asioujua, hatatafuta kumbukumbu. Atauliza maswali yale yale ya Lodz: nani amepoteza zamu, mshazari gani umefunguka, na kete ipi ina kazi mbili?